Walii Yuko Hotelini

Forest, Brussels
Jumapili, 12 Oktoba 2008

Mdogo wangu Burhani,

Assalaam alaykum. Sisi tuko salama. Idi ilipita vizuri, ila mama alinung'unika kwamba hukupiga simu mpaka siku ya tatu. Sukari yake imeshuka na daktari ameridhika. Goti ndilo linamsumbua. Zile ngazi tatu za mlangoni kwangu anazipanda huku akizitukana moja moja. Mke wako Naïma alikuja jana na watoto kutoka Koekelberg. Mkubwa ameng'oka jino la mbele na anamwonyesha kila mtu, hata kondakta wa tramu. Mimi bado niko zamu ya asubuhi kwenye nyumba ya wazee.

Sasa jambo lenyewe. Nimekupigia simu mara mbili kulieleza. Mara ya kwanza, nilipofika kwenye neno "ndoa", ukasema mtandao mbaya. Mara ya pili sikulitaja neno hilo, nikasema tu "Yusufu", mtandao ukaharibika tena. Mama alikuwa amekaa kando yangu, akaniuliza, "Simu hii ina kasoro, au mwanangu ndiye ana kasoro?" Kwa hiyo naandika. Barua haikatwi.

Bwana Yusufu unamjua. Ni yule mgane wa kwetu Buyenzi, Bujumbura, anayelinda mlango wa ofisi moja kule Schuman, aliyekubebea kabati ulipohamia Koekelberg. Ameniposa na nimekubali. Mimi si mwari; nina miaka arobaini na sita, na marehemu mume wangu ana miaka saba kaburini. Komini, yaani ofisi ya serikali ya mtaa, itatufungisha ndoa mwezi wa Machi. Komini haiulizi kaka, inauliza karatasi. Lakini sitaingia chumba cha mwanamume kwa mhuri wa komini peke yake. Nataka nikaha ya dini, na nikaha inataka walii, mwanamume wa ukoo wa kuniozesha. Baba hayupo, babu hayupo. Ndugu wa kiume ninaye mmoja, naye ni wewe, niliyekubeba mgongoni Buyenzi nzima ukiwa na surua.

Sikwambii uje. Najua kampuni ilikutuma huko kutengeneza mitambo ya kupasha hoteli joto, na zile wiki sita zimerefuka. Naomba mistari miwili tu: kwamba umeridhia, na kwamba unamweka Sheikh Sudi awe wakili wako wa kuniozesha. Tia sahihi, tia kwenye bahasha.

Dada yako,
Hawa


Hotelini, 2 Novemba 2008

Dada Hawa,

Wa alaykum salaam warahmatullah. Barua yako ilichelewa kwa sababu ndege huja hapa mara mbili kwa wiki, na hiyo ni ikiwa upepo umekubali. Namshukuru Mungu mama ana nafuu. Mwambie asizitukane ngazi, ashike chuma cha pembeni. Mbusu mwanangu hapo palipokuwa na jino.

Huwezi kuamini mahali nilipo. Ramani ya Norwe ikiisha, unapanda ndege nyingine. Hakuna mti hata mmoja. Barabara ni moja, inaanzia bandarini na kuishia kwenye mgodi wa zamani wa makaa. Ukitaka kutoka nje ya mji lazima mtu mwenye bunduki akusindikize, kwa ajili ya dubu weupe. Lakini hoteli, dada! Wageni wote huvua viatu mlangoni, hata matajiri. Ni desturi iliyobaki tangu enzi za wachimba makaa waliokuwa na viatu vichafu. Siku ya kwanza nilidhani nimeingia msikitini. Sakafu ya bafu ina joto kwa chini. Unaikanyaga, mguu unadhani uko Bujumbura saa sita mchana. Kuna chumba cha mvuke, kuna viti vya ngozi ya kondoo mbele ya moto, na supu ya samaki ambayo hata mama angeisifu. Nyama siigusi. Kampuni imenipa chumba kama cha mgeni yeyote, kitanda cha watu wawili nalala peke yangu katikati.

Jua lilizama tarehe 26 Oktoba, na wenyeji wanasema halitarudi mpaka Februari. Kwa hiyo nasali kwa saa ya Brussels.

Lile jambo lingine nimelisoma. Tutaongea.

Mdogo wako,
Burhani


Forest, 23 Novemba 2008

Burhani,

Salamu. Mama hajambo. Naïma na watoto hawajambo.

Nimesoma habari za sakafu. Nimesoma habari za supu, za ngozi ya kondoo, na za mguu wako unaodhani uko Bujumbura. Umeandika kurasa tatu, na mimi nimeambulia neno "tutaongea". Tutaongea kwa njia gani? Kwa simu ambayo mtandao wake huharibika nikitaja jina la mtu?

Unasali kwa saa ya Brussels. Vizuri. Basi unajua ni saa ngapi hapa, na unajua kwamba hapa kuna mtu anayengoja.

Mzee Djibril, ambaye ni mshenga wa Yusufu, alikuja Ijumaa baada ya swala amevaa kanzu na koti la mvua juu yake. Alitaka kukabidhi barua ya posa kwa walii, kama inavyotakiwa. Nikamwambia walii hayupo. Akauliza anarudi lini. Nikamwambia sijui. Akauliza basi aipeleke wapi. Nikampa anwani ya hoteli yako, na mama akamweleza habari za dubu. Aliisoma, akaisogeza mbali na macho, akaisoma tena.

"Mwanangu," akasema, "nimeposa Buyenzi, nimeposa Kigoma, nimeposa Molenbeek. Sijawahi kupeleka posa kwa dubu."

Mama alicheka mpaka akashika goti. Mimi sikucheka. Nilimtazama mzee wa miaka sabini na mbili akikunja leso ya posa, aliyoifukiza udi mwenyewe, na kuitia kwenye bahasha ya posta kama mtu anayetuma soksi. Watu wa heshima wanafanya hivi kwa ajili yako. Wewe umefanya nini?

Mistari miwili, Burhani.

Hawa


Hotelini, 21 Desemba 2008

Dada,

Wa alaykum salaam. Idi ya kuchinja niliiadhimisha kwa samaki. Natumai kwenu ilikuwa ya baraka.

Bahasha ya Mzee Djibril ilifika salama. Dada wa mapokezi alinipa kwa mikono miwili akauliza ni manukato gani haya. Mapokezi yote yalinukia udi siku nzima, na mgeni mmoja Mjerumani alitaka kujua yanauzwa wapi. Leso nimeiweka kwenye droo ya kando ya kitanda. Usiseme sina heshima.

Lakini mimi ndiye walii, na walii si mhuri. Ana haki ya kuuliza. Bon, nauliza. Yusufu ni mlinzi wa usiku. Mwanamume anayelinda mlango wa watu mpaka asubuhi, mlango wake unalindwa na nani? Pili, ni mtu wa maneno machache mno. Mtu kama huyo huwezi kujua anawaza nini. Tatu, unakimbilia nini? Umekaa miaka saba, mwaka mmoja zaidi utakuua? Na mama je? Umekaa chini ukamfikiria mama?

Kazi bado nyingi hapa. Mitambo ni ya zamani na hoteli imejaa watu wanaokuja kutazama taa za mbinguni. Zinakuwa kijani, zinacheza juu ya mlima kama shuka iliyoanikwa. Ninazitazama nikiwa ndani, kupitia kioo, na kikombe cha chai mkononi. Sijui kama nitaweza kurudi kabla ya kiangazi.

Burhani


Forest, 11 Januari 2009

Burhani,

Hatujambo. Salamu zimeishia hapo.

Umeuliza, nakujibu. Yusufu aliacha zamu ya usiku tangu Septemba, ungemuuliza angekwambia. Ni mtu wa maneno machache, kweli. Nimeishi na mdomo wako tangu ukiwa mtoto, maneno machache yatanipumzisha. Nakimbilia nini? Sikimbilii kitu. Aliyekimbia ni wewe.

Naïma alikuja hapa Jumatano bila watoto. Hakuvua koti. Alikaa ukingoni mwa kiti akaniambia, "Wifi, nimepigiwa simu na msimamizi wa kampuni."

"Kuna nini? Ameumia?"

"Ameumia wapi! Msimamizi ananiuliza kama bwana wangu anapenda sana baridi. Kazi iliisha kabla ya Krismasi, wifi. Wenzake wawili wamerudi, wameshapewa kazi Gent. Yeye ameomba mwenyewe abaki kuangalia mitambo mpaka Mei. Amewaambia kwamba nyumbani wamekubali."

"Nani amekubali?"

"Ndiyo nimekuja kukuuliza. Labda ni wewe."

Tulitazamana, Burhani. Wanawake wawili wazima, kila mmoja akidhani mwenzake ndiye aliyekuruhusu.

Sasa nitaliandika mimi, kwa kuwa wewe huthubutu. Mama hawezi kulala chini ya paa moja na mkwe wake. Ndivyo alivyolelewa, na ndivyo bibi alivyofanya. Mwanamume aliyemwoa binti yake hatamkuta na kanga ya kulalia, hatasikia akikohoa chooni. Nyumba hii ya Forest ni ya mama kwa sababu mimi ni mjane. Siku Yusufu akiingia na sanduku lake, mama anatoka na lake, na mahali pa mama kwenda ni kwa mwanawe wa kiume. Unalijua hilo. Ulilijua tangu uliposikia neno "ndoa" kwenye simu. Huna tatizo na Yusufu, wala na mimi huna. Unachokataa ni mama, na kwa kuwa huwezi kusema "simtaki mama", unasema "mlinzi wa usiku".

Umekaa kwenye sakafu yenye joto ili mama yako asipate mlango wa kubisha.

Kanusha kama ni uongo. Lakini usiniandikie tena habari za taa za mbinguni.

Hawa


Hotelini, 1 Februari 2009

Hawa,

Nimesoma barua yako nimesimama. Sikuweza kukaa.

Wewe ni hodari wa kupanga mambo. La kwanza, la pili, la tatu, kama mwalimu wa hesabu. Haya, panga na hili.

Kiwanda cha magari kilipopunguza watu, mama alikuwa kwangu. Alikaa kwangu miezi mitatu, nadhani umesahau. Kila asubuhi, kila asubuhi bila kukosa, alifungua mlango wa chumba chetu akasema, "Burhani, jua limetoka. Wanaume wameenda kazini." Nilimweleza kiwanda kimetuondoa. Akasema, "Ee, pole mwanangu." Kesho yake: "Burhani, jua limetoka." Nikaanza kuamka mapema nivae, nitoke, nizunguke kanisa la Basilika mpaka saa sita kama mwizi anayechunguza nyumba. Nilikaa kwenye benchi na mkoba wa kazi usio na kitu ndani. Watoto wangu wakaanza kucheza mchezo wa "jua limetoka". Walicheza mbele yangu. Naïma alicheka. Hukuwepo.

Nilipomleta kwako nilisema ni kwa sababu ya ngazi. Nyumba yangu haina ngazi. Hukuuliza. Na hukuuliza kwa sababu ulimtaka akae nawe, uwe binti mwema mbele ya Buyenzi nzima iliyopo Brussels. Sasa umepata mume, mama amekuwa sanduku la kuhamisha.

Hapa jua halitoki. Unaelewa? Tangu Oktoba hakuna mtu aliyeniambia jua limetoka. Naamka saa mbili, naangalia mitambo, watu wananisalimia kwa jina la babangu kwa heshima kwa sababu maji yao ni ya moto. Kwa mara ya kwanza tangu kiwanda, nalala.

Basi sema simtaki mama. Sema utakavyo. Mimi ndiye walii na sijatoa ruhusa, na mpaka nitakapoitoa hakuna nikaha. Hilo huwezi kulipanga.

Burhani


Forest, 22 Februari 2009

Burhani,

Barua yako niliisoma mara nne. Sikujua habari za benchi na mkoba. Naïma naye hakujua. Anasema alidhani unatafuta kazi. Kwa hilo nakupa pole, na ni pole ya kweli. Ungeniambia mwaka ule ningekuja Koekelberg nimweleze mama mwenyewe, kwa sauti ya kumfikia.

Lakini aliyekwambia jua limetoka ni mama. Mimi ndiye unayeniadhibu. Hapo ndipo pole yangu inapoishia.

Nilikwenda kwa Sheikh Sudi Alhamisi, na mama akaja nami. Nilimweleza yote. Sheikh hakufurahi. Alisema kaka akiwa hai na ana akili timamu, hapendi kumruka. Akachukua simu akapiga hoteli yako mbele yetu. Mapokezi wakamjibu kwamba mgeni yuko kwenye chumba cha mvuke. Akapiga tena baada ya nusu saa. Wakasema umepewa ujumbe. Tukangoja. Mama akatoa tasbihi. Hukupiga.

Sheikh akafunga macho kidogo. "Hawa, huko aliko ndugu yako, mtu wa ngamia atafika kwa siku ngapi?"

Mama akadakia, "Sheikh, ngamia atakufa njiani."

"Nauliza kwa sababu ya kitabu, Bi Mkubwa. Walii akiwa umbali wa marhala mbili, yaani safari ya siku mbili ya ngamia mwenye mzigo, halazimiki kungojwa. Uwalii wake unakwenda kwa hakimu."

"Na hakimu wa hapa ni nani?" nikauliza.

"Hapa hatuna kadhi. Watu wetu walinichagua mimi kwa mambo kama haya." Akaandika kitu, akafuta. "Marhala mbili ni kama kutoka hapa mpaka upande wa pili wa Liège. Yeye amevuka ngapi?"

Mama alisema, "Andika nyingi."

Umesoma vizuri? Ungekaa Koekelberg ukakataa, tungelazimika kukuita, kukubembeleza, kukuuliza sababu, kuita wazee. Ungekaa Gent, tungekungoja. Umekwenda mbali mpaka neno lako halihitajiki. Ulidhani umbali ni kufuli, kumbe ndio ufunguo, na umeniletea mwenyewe.

Hata hivyo Sheikh amenipa nafasi, na mimi nakupa wewe. Komini ni Jumamosi tarehe 14 Machi asubuhi, nikaha ni alasiri ile ile. Kuolewa bila wewe naweza. Kuolewa bila wewe sitaki. Bado nataka jina la ndugu yangu litajwe. Sheikh ametoa namba yake. Iko nyuma ya karatasi hii.

Hawa


Hotelini, 8 Machi 2009

Dada Hawa,

Assalaam alaykum. Jua limerudi hapa tangu katikati ya mwezi uliopita. Wenyeji walipanda kilimani kulipokea, watoto wakaimba. Mimi sikwenda.

Ujumbe wa Sheikh niliupata. Nilikaa na simu mkononi. Sikujua ningeanzia wapi.

Nimefikiri sana na nimeamua. Naridhia uolewe na Yusufu, na namweka Sheikh Sudi awe wakili wangu. Nimetia sahihi hapa chini. Sharti ni moja: mama abaki hapo Forest, kwenye chumba chake kile kile, na nyinyi mpange maisha yenu bila kumhamisha. Kama anaona aibu, wekeni pazia kwenye korido. Bila sharti hilo ridhaa hii haipo.

Nadhani hapo kila mtu amepata kitu.

Kuna dhoruba tangu jana, ndege haijatua. Nitawapa mapokezi barua hii, itaondoka na ndege ya kwanza.

Ndugu yako na walii wako,
Burhani bin Ramadhani


Forest, 5 Aprili 2009

Burhani,

Barua yako ilifika tarehe 24 Machi. Niliolewa tarehe 14.

Nimeisoma mara moja tu. Pazia kwenye korido! Mama amezaa watoto sita, amezika wanne, amevuka mpaka kwa miguu, na wewe unampa pazia.

Nitakueleza siku ilivyokwenda, maana ni haki yako kujua ulichokosa.

Komini walitumalizia kwa robo saa. Alasiri tulikusanyika sebuleni kwa Mzee Djibril. Wanawake tulikaa chumba cha pili, mlango wazi. Sheikh Sudi aliuliza kwa sauti, kama inavyotakiwa, "Walii wa binti yuko wapi?" Alimngoja mtu ajibu, Burhani. Alingoja muda mrefu kuliko ilivyohitajika, na mimi nilitazama simu yangu mapajani kama mjinga. Kisha nikamsikia akisema, "Yuko mbali," na akaniozesha yeye. Mahari yangu ni cherehani, nimechagua mwenyewe. Wanawake wakapiga vigelegele. Naïma alipiga kwa nguvu kuliko wote, na alikuwa analia. Nilikasirika siku ya harusi yangu. Nilikula pilau nikiwa nimekasirika. Hilo sitakusamehe haraka.

Nilikuwa nimepanga mama alale kwa jirani juma moja, mpaka tupate la kufanya. Sikumwambia kitu. Kumbe sanduku lake lilikuwa limefungwa tangu alfajiri, na dawa zake ziko kwenye mkoba. Watu walipoanza kutawanyika akasimama katikati ya sebule.

"Nani ana gari?"

Yusufu akasema yeye amekopa la rafiki yake.

"Mkwe haniendeshi," mama akasema. Kisha akalitazama goti lake. "Haya. Niendeshe. Lakini usinitazame kwenye kioo."

Alikaa nyuma, kanga kichwani mpaka puani. Mimi na Naïma tulikaa naye huku na huku, Naïma amewapakata watoto. Yusufu aliendesha kutoka nyumba ya Mzee Djibril mpaka Koekelberg shingo imekakamaa kama mbao. Hakugeuka hata kuangalia magari, nilikuwa namwambia mimi, "Kulia kuna gari, kulia kuna gari." Mama alimsifu baadaye. Anasema kijana ana adabu.

Mlangoni kwako Naïma akatangulia kufungua, akageuka akasema, "Karibu, mama. Nilikuwa nakungoja tangu Januari."

"Mumeo yuko wapi?" mama akauliza, na anajua kabisa.

"Hotelini, mama."

"Hoteli ina kitanda?"

"Cha watu wawili, analala katikati. Aliandika mwenyewe."

"Basi huku hana haja na chake."

Naïma akacheka. "Chukua upande wake. Uko baridi tangu Agosti."

Hivyo ndivyo alivyoingia. Yuko huko sasa. Nilimweleza habari ya benchi na mkoba. Niliogopa, lakini nilimweleza. Alikoroga chai mpaka ikapoa. Kisha akasema, "Nilidhani anachelewa kuamka. Angeniambia nyamaza, ningenyamaza." Anakungoja umwambie mwenyewe. Sitakubebea hilo; nilishakubeba vya kutosha.

Nguo zako Naïma amezihamishia kwenye kabati la korido, lile alilokubebea Yusufu. Kochi la sebuleni linafunguka kuwa kitanda, ila chuma chake kimoja kinachoma mgongoni.

Naïma anasema ukirudi Mei upige simu kwanza. Mama ataangalia kama kuna nafasi.

Hawa, mke wa Yusufu